Kiini Kilichogoma Kuzima Njia

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa ukuta wa hospitali: benchi refu, birika, vikombe visivyofanana. Asubuhi ile Fundi, anayetunza kompyuta za hospitali, alikuja macho mekundu, akapokea kahawa bila salamu. Redio, mzee wetu asiyechoka kuongea, akamvaa.

— Umegombana na nani?

— Na kompyuta, mzee wangu. Ile kubwa, yenye kompyuta pepe ndani yake.

— Pepo! Si nilisema?

— Pepe, mzee! Kila moja inajiona ina mashine yake, kumbe zote ni wapangaji. Sasa kadi ya mtandao ya mapokezi imeganda. Mpangaji wake akaomba njia ya umeme na data inayoihudumia kadi hiyo izimwe na kuwashwa upya. Kiini cha mfumo, yaani msimamizi wa humo ndani, kikagoma.

— Kilitaka chai hicho, akasema Sindano, mshona nguo.

— Chai wapi! Siku hizi hata vyuma vina chama cha wafanyakazi, akasema Redio. Mimi ningechomoa waya, basi!

— Nusura nichomoe. Halafu nikajiuliza, kinagomea nini? Kumbe njia ni moja, na kuna kifaa cha mpangaji mwingine juu yake. Ukiizima, umewazima wote. Na hicho kilikuwa kinapitisha mapigo ya moyo ya wodi ya watoto wachanga.

Redio akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika.

— Mjukuu wangu yumo humo.

Hatukujua. Mtu anayetutangazia hata bei ya vitunguu, hilo alilinyamazia. Fundi akasogea karibu naye.

— Ukafanyaje, mwanangu? Redio akamuuliza.

— Nikampigia dada mkuu wa wodi. Wauguzi wakasimama, kila mmoja kando ya mtoto mmoja, mkono kifuani mwa mtoto, wakihesabu mapigo. Mpangaji wa wodi akaachia kifaa chake, ndipo kiini kikakubali. Kikahifadhi hali ya kila kifaa, kikazima njia, kikawasha, kikamrudishia kila mpangaji chake. Mioyo ikaonekana tena kwenye kioo. Yote, mzee.

Redio akajifuta uso kwa kofia. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kahawa yake, akauliza taratibu:

— Anaitwa nani mtoto, babu?

Tukamgeukia Redio.

— Hatujampa jina, akasema. Tuliogopa.

Kisha akainuka, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, akaelekea wodini.