Ratiba Themanini za Mpole

Benchi liko mlangoni pa steshenari yangu, kwa hiyo wanaolikalia wananikalia mimi. Asubuhi ile walikuwa watatu: Karani, mstaafu wa ofisi, Kocha, ambaye timu yake hakuna aliyewahi kuiona uwanjani, na Chuma, mchomelea mageti. Wa nne wao, Mpole, alikuwa anazikwa saa nane mchana. Ratiba za mazishi themanini zilitakiwa saa sita, na printa yangu ilikuwa imetoa moja tu, tena yenye mistari myeusi usoni mwa marehemu, kisha ikagoma.

Niliwaomba msaada. Wakamimina kahawa.

Karani akaanzia mbali. Enzi zake, alisema, printa ilikuwa ya sindano: inagonga utepe, utepe unagonga karatasi, kelele mpaka barabarani, lakini nakala tatu zinatoka kwa mpigo.

— Ile ndiyo mashine. Hii yako ya leza inanong'ona tu. Mashine isiyopiga kelele haifanyi kazi.

— Angenunua ya wino, akasema Kocha.

Nikamwambia nilishakuwa nayo. Ya wino ukiiacha wiki moja, vitundu vinaziba.

— Vinaziba makusudi, akadakia Kocha. Zote zina kidude ndani kinachohesabu karatasi. Ikifika idadi waliyopanga wenye kiwanda, inajifia yenyewe.

— Idadi gani? nikauliza.

— Hiyo ni siri yao.

Chuma alikuwa ametulia, nikadhani angalau yeye ana la maana.

— Nyie hamuoni? Leza ni mwanga, na mwanga unamtambua mtu. Umeipa picha ya maiti, ulitegemea nini?

— Picha ni ya mwaka jana, Chuma. Alikuwa hai.

— Basi ndiyo imechanganyikiwa kabisa.

Saa tano ikapita. Nikafungua kifuniko, nikachomoa tona, kile kikasha cha wino wa unga, nikakitikisa, na ule unga mweusi ukanimwagikia kifuani. Lilikuwa shati la mazishi, jeupe, nimelipiga pasi alfajiri. Wale watatu wakahamia kubishana kama unga huo unaondolewa kwa maji baridi au ya moto. Hapo uzalendo ukanishinda.

— Mmekaa naye benchi moja miaka kumi na miwili. Mnataka azikwe bila hata karatasi yenye jina lake?

Karani akashusha kikombe. Akasema kwa upole kwamba ndiyo maana wanatafuta chanzo cha ubovu.

Ndipo akafika binti mwenye begi begani, macho mekundu. Alikuwa mpwa wa Mpole, ametoka safari moja kwa moja, ametumwa kuchukua ratiba. Alitupa shikamoo, akatazama shati langu, akaitazama ile ratiba moja yenye mistari. Hakulalamika.

— Mjomba, kwani ikiharibika siku zote huwa mnamwita nani?

Kocha akaangalia chini. Chuma akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Karani, mtu wa maneno, akakiinua tena kikombe chake, kikiwa kitupu.

Siku zote tulikuwa tunabishana hivihivi. Mpole alikuwa anamaliza kahawa yake, anaingia ndani bila kuaga, na baada ya dakika kumi karatasi zinaanza kutoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kutazama alikuwa anagusa nini.