Bi Mabuti na Mji Aliogombana Nao

Ndugu, jamaa na majirani, naombeni mlioko nje msogee karibu, kwa sababu kipaza sauti hiki ni cha manispaa na tabia yake mnaijua. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani wa nyuma ya soko, na sikusimama hapa kwa kuwa ni msemaji mzuri, bali kwa kuwa wanawe wote watatu wamekataa, kila mmoja akidai kwamba akianza kusimulia habari za mama yao atakasirika katikati na kushindwa kumaliza. Nimewaambia hata mimi nitakasirika, ila nitakuwa naendelea kusoma.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima wa viazi na mkewe, katika nyumba iliyokuwa pale penye kituo cha mafuta, na nikisema pale nina maana palepale, kwenye pampu ya dizeli. Wakati huo mji huu haukuwa mji, ulikuwa duka moja, mashine moja ya kusaga na ghala la viazi lenye paa linalovuja, na vyote hivyo vilizungukwa na mashamba yaliyopanda mlimani hadi kupotelea kwenye ukungu. Hakuna aliyejua kwamba duka lile litakuja kuzaa manispaa, na baba angejua, naamini angehamisha viazi vyake mapema.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, katika shule ya juu kilimani, akamaliza mwaka 1966 akiwa na alama nzuri, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na huko akakaa muhula mmoja na nusu, kisha akarudi nyumbani na sanduku lake kichwani, akisema hawezi kufundishwa kilimo na mtu anayechora jembe ubaoni. Baba alimkataza kukanyaga shambani mpaka arudi shule, na kesho yake baba alipofika shambani alimkuta ameshapalilia matuta mawili. Ni mwaka uliofuata ndipo aliponunua mabuti ya mpira, ya kiume, yanayofika magotini, na tangu hapo hakuyavua ila kwa kulala, ndiyo maana mji mzima ukamwita Bi Mabuti. Mimi nimemshonea magauni maisha yangu yote, magauni ya kola, ya marinda, ya mikono mirefu, mengine nimeyakeshea, na yote, naomba mnielewe ndugu zangu, yote ameyavaa na mabuti.

Mwezi Aprili 1972 dereva mmoja wa lori alikwama na kabichi zake mbele ya shamba letu, barabara ikiwa tope tupu, na Dada akamtoa kwa maksai wa baba huku akimwuliza, “Hayo macho huwa unayatumia kwa kazi gani?” Mtu mwingine angeondoka na asirudi tena upande huu wa mlima. Yule bwana akakwama tena mwezi uliofuata, mahali palepale, mvua ikiwa imeshakatika na barabara imekauka kabisa, na hapo mama yetu akaelewa kinachoendelea. Walifunga ndoa tarehe 6 Januari 1973, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni muuguzi katika hospitali yetu, na wa tatu analiendesha lori la marehemu baba yake, na wote wako hapa mbele wakiangalia chini.

Mwaka 1984 ilikuja barabara ya lami, na wapimaji wakaonyesha kwamba itapita katikati ya matuta ya Dada. Nilimsihi, shemeji alimsihi, wafanyabiashara wa viazi walimsihi, maana kila masika mazao yalikuwa yanaozea njiani, lakini Dada alibeba kiti chake akaenda kukaa shambani, akawaambia wapimaji, “Piteni, lakini mtapita na mimi.” Mwishowe walizungusha barabara, na ile kona ambayo madereva wote wa mji huu wanaitukana hadi leo ni yake. Mimi nilikuwa nimeshajenga kibanda changu pale ilipotarajiwa kupita, kwa hiyo barabara ilipozunguka niliachwa nikitazama uwanja wa nyasi, na ndiyo sababu hadi leo wateja wangu wananipata kwa kuulizia. Nilipomlalamikia alinijibu kwamba nguo nzuri hufuatwa.

Na barabara hiyohiyo ndiyo iliyoleta benki, shule ya pili, soko la jumla na watu wa kila aina, na mwaka 1992 Dada akachaguliwa kuwa diwani, akaingia kwenye baraza kwa kishindo cha mabuti. Mwaka 1997 tukapandishwa hadhi kuwa manispaa, na miezi michache baadaye ikapitishwa sheria ndogo ya kupiga marufuku mifugo ndani ya mipaka ya manispaa. Waheshimiwa mnakumbuka, mipaka ile ilichorwa mpaka juu mlimani, kwa hiyo manispaa ya wakulima ikawa imekataza nusu ya kilimo chake.

Wa kwanza kukumbwa alikuwa jirani yetu mjane, aliyesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo askari wa manispaa walimchukua wakamfungia kwenye ua wao, huku ndama mchanga amebaki nyumbani akilia. Dada alipata habari akiwa kwangu anapimwa gauni, akatoka na pini zote mwilini, nami nikamfuata nikimwambia asimame nizitoe. Alifika getini akafoka, “Nani mwenye akili timamu aliyepitisha kitu kama hiki?”

Askari wa getini, kijana mpole sana, akasema, “Mheshimiwa, ni ninyi wenyewe.”

“Ninyi akina nani?”

“Baraza. Siku ile nilikuwa mlangoni, nikakuona na wewe umenyosha mkono.”

Dada, na pini zake, akanigeukia akaniambia kwa sauti ndogo, “Kikao kilikuwa kirefu, muda wa kukamua ng'ombe wangu ulikuwa umefika. Nilidhani tunapigia kura ile sheria ya mbwa wanaozurura.”

Ndugu zangu, mnaweza kufikiria nilivyojisikia. Alikuwa ametupigania miaka mitano ndani ya baraza lile, hakuacha hata mfereji upite bila kuuliza maswali, na jambo moja lililohusu chakula cha watu alilipitisha kwa haraka ya kwenda kukamua. Alimkamua ng'ombe palepale uani, akanipa ndoo nimpelekee ndama, na mimi nikapita mji mzima na ndoo ya maziwa, nikiwa nimevaa suti ya kuonyeshea wateja.

Ng'ombe wa mjane alirudishwa baada ya siku chache, akiwa amekonda na maziwa yamekauka, na hayakurudi kama zamani, na mjane hakumlaumu Dada hata kwa neno moja, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko matusi. Kuanzia hapo kila kikao aliinuka na hoja ileile, na kila mara mstahiki meya wa wakati huo alimwambia imeshafungwa, naye akajibu, “Basi ifungueni.” Siku moja aliwaambia baraza zima, “Mimi nilinyosha mkono bila kusikiliza. Ninyi mlisikiliza vizuri kabisa, halafu mkanyosha. Sasa aliyekosa zaidi ni nani?” Walimtoa nje. Kikao kilichofuata alirudi akaanza pale walipomkatiza.

Tarehe 20 Septemba 2001 sheria ilibadilishwa, mifugo ikaruhusiwa kwa masharti ya usafi, na kama kuna mtu hapa aliyekunywa chai ya maziwa asubuhi ya leo ndani ya manispaa, basi ajue. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na mji huu, ninyi ninyi mnaojipangusa macho, mkampigia kura mwenye duka la rangi kwa sababu alikuwa na viatu safi. Sisemi zaidi. Dada alisema mmefanya vizuri kwa kuwa sasa atapata muda wa njegere, lakini mimi nilikuwepo jikoni kwake siku ile, na nilimwona akikoroga sufuria lisilokuwa na kitu.

Shemeji alitutoka tarehe 2 Novemba 2011. Mwaka 2019 miguu ya Dada ilianza kuvimba, naye akadai kwamba ni mabuti ndiyo yaliyonywea. Binti yake muuguzi alimwambia ni moyo, akamwomba aende hospitali, akasema ataenda akimaliza kupanda, alipopanda akasema palizi, baada ya palizi akasema mavuno, na viazi vya mlima huu, kama mnavyojua, havina siku vinapokwisha. Hilo mimi sijamsamehe, nasema mbele yenu na mbele yake.

Alilazwa Mei mwaka huu wa 2022. Jioni moja nilipomtembelea alinitaka nimwinulie mto, aone dirishani jinsi nyumba zilivyopanda mlima, nikajiandaa kusikia lawama kuhusu mabati, vyoo na mitaro, naye akasema, “Mji umependeza, ee?”

Nikamwuliza, “Mbona hujawahi kuwaambia wenyewe?”

Akasema, “Wangelegea.”

Alifariki dunia tarehe 9 Juni, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale aliowafokea kuhusu dirisha la wodi, ambao walilitengeneza na kuendelea kumhudumia kwa upole, inawashukuru majirani mliolisha ng'ombe wake bila kuombwa, madiwani wa zamani na wa sasa, pamoja na mjane jirani yetu, aliyekuja wa kwanza na ambaye hajaondoka hadi sasa.

Dada, nimekushonea gauni la mwisho, na watoto wako wamenishinda, wamekuvalisha na mabuti. Sina nguvu ya kubishana tena. Mji tutauangalia sisi, tutakosea, na utakuwa hupo wa kutufokea, na sijui tutafanyaje. Wewe pumzika, na iwe kwa amani, angalau mara hii moja.