Namba Sita Nilizozitangaza Mtaa Mzima

Nilikuwa nimesimama juu ya benchi la kijiwe cha kahawa, kiganja kimoja mdomoni kama mpiga mbiu, nikisoma namba zilizoingia kwenye simu yangu: "Nne, saba, moja, moja, tisa, mbili." Ndivyo tulivyozoea. Akaunti ya mtandaoni ambamo Mwanga, mpiga picha wetu, huhifadhi kazi zake ilisajiliwa kwa simu yangu siku simu yake ilipokufa. Kila akitaka kuingia, namba ya kuthibitisha huja kwangu, nami humrushia kwa sauti studioni, ng'ambo ya barabara. Nimezunguka miji mingi, nimekwepa matapeli wa kila rangi, na bado sikuona kwamba Mwanga alikuwa ameketi miguuni pangu, anapuliza kahawa.

— Nani kaomba namba? akauliza.

— Si wewe?

— Mimi niko hapa, niombe ya nini?

Tukajaribu kuingia, tukakataliwa. Nywila ilishabadilishwa. Mtu mmoja tusiyemjua, aliyekuwa kaegemea nguzo ya kijiwe, kichwa ndani ya simu, hayupo tena.

— Na nywila kaipata wapi? nikauliza, nikitafuta wa kugawana naye aibu.

— Niliiandika kwenye kalenda, ukutani studioni. Hilo kosa langu. Lakini kufuli la pili lilikuwa wewe, mzee mzima. Kufuli lenye mdomo.

Profesa, kinyozi mwenye majibu mengi kuliko wateja, akakohoa.

— Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huenda kaingia kutusaidia.

— Nyamaza, Profesa, Mwanga akasema.

— Au ni mitambo. Huko angani kuna mtambo unanyonya sauti za wapiga kelele. Umewahi kusikia bubu kaibiwa?

— Nimesema funga bakuli lako. Mwanga akatua kikombe chini. — Mle ndani mna picha ya mama yake fundi cherehani wetu wa hapa mtaani. Bibi yule kakimbia kamera maisha yake yote, kakubali mara moja tu. Sijaichapa, na nakala nyingine sina. Na juzi tumemzika.

Profesa akageuka, akaanza kufuta wembe wake.

Fundi mwenyewe akatokea, tepu shingoni, fremu mpya kwapani.

— Habari zenu, kaka zangu. Nimefuata picha ya mama. Iko wapi?

Nikaketi kwenye benchi. Nikajikaza kisabuni, nikamweleza yote, hata lile la kupanda benchi.

— Nisamehe, dada. Nilidhani nasaidia.

Akaniwekea fremu mapajani.

— Mimi sina msamaha wako. Kauombe kaburini.