Kobe wa Nyumba Mbili

Sikilizeni, wanangu, kabla ukungu haujanijaa kifuani. Yunis, nigeuze upande wa dirishani. Alen, zima simu hiyo. Wanaokutafuta watakupata kesho, mimi sina hakika.

Tangu jana usingizi unanichukua na kunirudisha, na kila ukinichukua najikuta natembea na kobe wetu, miguu yake minene ikikanyaga ukoka taratibu, wala haniachi wala simpiti, nami nafurahi kama mtoto. Mjueni, maana anabaki nanyi kwa muda. Msimwinue kwa ghafla, atakojoa kwa hofu, na yale ndiyo maji aliyojiwekea kwa ajili ya kiangazi. Msimgonge gamba mkidhani ni jiwe. Limeungana na uti wa mgongo wake, ukimkwaruza kwa ukucha anasikia. Akijivuta ndani akatoa ule mlio wa fuuu, hajakasirika, ni pumzi inayotoka ili kichwa kipate nafasi. Mkimkuta anatafuna gamba la konokono mwacheni, analijenga la kwake.

Lakini sikuwaitia hayo.

Kobe huyu marehemu baba alimpandisha toka nyika ya Mkomazi ndani ya tenga, akatuachia wawili, mimi na kaka yangu Yohane, ambaye ninyi mnamjua kwa jina tu: masika akae kwake, vuli kwangu, tusije tukakosa sababu ya kubishiana hodi. Mwaka mmoja, kipupwe kikali, kobe akatoweka kwa Yohane. Sisi watu wa mlimani tulijua migomba na maharage; nani alituambia kwamba kobe, hali ya hewa ikimkatalia, hujichimbia ardhini akalala miezi bila kula? Nikasema Yohane amemuuza kwa wachuuzi wa Muheza. Nilisema hivyo kwenye msiba wa mama yetu, mbele ya wazee wa usharika, nikamwita mwizi. Akafunga mizigo akahamia Mponde kulima chai, shamba lake la bondeni akaliacha na masale yake, ile mimea ya kuonyesha mpaka.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinikuta peke yangu kule bondeni. Udongo chini ya mgomba ukapasuka, kobe akatoka na tope mgongoni, macho nusu yamefumba, akainamia dimbwi akanywa, akanywa. Nililia, wanangu. Kisha nikafanya ubaya kuliko ule wa kwanza: nikamficha. Ule ua wa matete mliodhani ni wa kuzuia wezi, niliujenga habari zisifike Mponde. Shamba la Yohane nikaling'oa masale, nikalima, ndilo lililowasomesha. Watu husema mavi ya kale hayanuki. Waongo! Ya kwangu yananuka mwaka wa thelathini na moja huu, na kila Jumapili nimekaa nayo kanisani.

Basi, Alen, pale unapotaka kujenga si pako. Usinitazame hivyo, kasirika sasa, nikiwa bado naweza kukuomba radhi. Rudisheni masale. Nyumba hii na migomba ya juu gawaneni sawa, Yunis asipunjwe eti kwa kuwa ameolewa. Kobe amelala nyuma ya jiko, mahali udongo ulipoinuka kidogo. Msimchimbue. Mvua itamwamsha yenyewe, ndipo mmpeleke Mponde kwenye tenga lenye nyasi, awe wa Yohane moja kwa moja.

Ninyi lakini msingoje mvua. Nendeni leo, na miguu yenu iwe myepesi kuliko ilivyokuwa yangu, maana nimepita njia panda ya Mponde mara ngapi, nikageuza uso.

Nipe maji, Yunis... kidogo tu, mama. Naona kama nashuka, wala kule chini hakuna baridi...

Mungu awazidishie. Awape vifua vipana, msirithi shingo yangu ngumu. Msinu... msinuniane, wanangu.

Mkifika, msianze na shamba. Pigeni magoti. Semeni, baba mkubwa, mdogo wako Rubeni anasema... shikamoo. Hilo kwanza. Akiitikia, rudini mniambie hapa, sikioni... hata kama... hata mkikuta nimeshafunikwa.