Malai ya Mavyaa

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu wa Mtopanga, na nyinyi wenzetu mliotoka bara, hamjambo. Nimeombwa niwaeleze nilivyokaribia kufa kwa maziwa. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nitangoja.

Sababu ya kwenda kukatwa tumbo mnaijua, wengi wenu mnayo. Sukari ilipanda hata macho yakaingia ukungu, na magoti yakakataa ngazi za nyumba yangu mwenyewe. Madaktari wakanibakishia kifuko cha tumbo kisichozidi yai la kuku, wakakiunganisha na utumbo. Siku ya kutoka daktari akanionya: nisitapike ovyo, maana mshono wa ndani ni mbichi, ukiachia nitarudi kupasuliwa na huenda nisiamke. Na ninywe maziwa, kidogo kidogo, yaliyopunguzwa mafuta, bila sukari, ili mwili usiishe nguvu.

Lakini, ndugu zangu, aliniambia mimi peke yangu.

Nyumbani Mishomoroni nikamkuta mavyaa wangu, mama yake mume wangu. Alikuwa ameshavuka feri kutoka Likoni na maziwa ya ng'ombe wa jirani yake. Kitanda kimetandikwa chumba cha ndani, udi unafuka. Nikaelewa. Kwake yeye, mwanamke aliyetoka hospitali na kidonda tumboni ni mzazi, hata kama hana mtoto mkononi. Na mzazi hulelewa arobaini: hafagii, hainuki, hulishwa vizito.

"Ndoo ulale, mwanangu. Kazi yako n'kunywa tu."

"Mama, daktari amesema maziwa yasiyo na mafuta mengi."

"Hayo n'maziwa ama n'maji ya kuoshea bakuli? Nimewalea wake wa wanangu wote, hakuna aliyenifia mkononi."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Amekushikia kikombe kwa mikono miwili, na juu yametanda malai manene, ya manjano, yale ambayo utotoni tulikuwa tukiyagombania mpaka tukapigwa. Nikanywa.

Hakikupita kitambo, tumbo likakazwa kama nguo inayokamuliwa. Nikatapika hata machozi yakanitoka. Kisha nikaweka kiganja hapa, chini ya mbavu, nikatulia, nikisikiliza kama kuna kitu kimeachia.

Mume wangu akirudi kutoka kazini Changamwe amechoka, ananiambia, "Kunywa nusu basi. Usimvunje mama moyo." Nikinywa nusu, natapika yote. Na kila nilivyokonda, mavyaa alizidisha samli kwenye uji. Nilimsikia ukumbini akimwambia jirani, "Yuwakwisha huyu. N'jicho la watu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa, si ya mtu anayeshindana. Mimi wakati ule sikuisikia hivyo.

Nikaamua kujiokoa mwenyewe. Nikamwomba mume wangu aniletee dukani yoguti iliyoandikwa mafuta kidogo. Akaniletea ya stroberi, kikombe kirembo, rangi ya kucha. Nikaila jikoni mbele ya mavyaa, kijiko baada ya kijiko, nimeinua kidevu. Alinitazama tu kama anayemtazama mtoto akichezea kisu.

Kwanza moyo ukaanza kunikimbia. Kisha jasho, baridi, mpaka kwenye vidole. Masikio yakavuma, ukuta ukaniinamia. Wallahi nilijua naanguka, ila sakafu sikuisikia, kwa sababu kichwa changu kiliangukia mkono wa mavyaa. "Sema shahada, mwanangu, kama waweza," akaninong'oneza. Huyo ndiye niliyemwinulia kidevu.

Kliniki tukapokewa na mtaalamu wa lishe, binti mdogo wa hapa hapa Kisauni. Mapigo yaliponitulia, akamgeukia mavyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie kweli, mwanangu. N'maziwa yangu?"

"Yako, na ya dukani pia. Yako yana mafuta mengi, kifuko kile hakiyawezi kwa sasa. Ya dukani mafuta wameyatoa, sukari wakaijaza. Sukari ile haikai tumboni, inaingia utumboni kwa kishindo, ndiyo maana ameanguka." Kisha akamuuliza, "Mama, samli unajua kuifanya?"

"Samli waniuliza mimi?" Mavyaa akakaa vizuri. "Wachemsha maziwa, wayawacha yapoe, malai yakishajikusanya juu wayaengua..." Akakatiza hapo. Akamtazama yule binti. "Na yanayosalia chini?"

"Hayo ndiyo ya mkaza mwanao. Yagandishe yawe mtindi, wala usitie sukari."

Kesho yake mavyaa aliengua malai, akangoja, akaengua tena. Akanipa mtindi kwa kijiko cha chai, naye akasimama mlangoni na beseni, tayari. Nikameza. Tukatazamana. Kijiko kingine. Ikaadhiniwa alasiri, ikaisha, hakuna aliyesogea. Tumbo likanyamaza. Alipoliweka beseni chini, nilimwona amejifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

Kutoka siku ile nilianza kupona. Nguvu zilirudi kwa uvivu, lakini zilirudi. Leo hata kijiko cha mtindi chenye malai yake hakinisumbui, na sijambo kwa macho na magoti. Msinifuate mimi kwa hilo. Kila tumbo na lake, muulize anayelijua lako.

Namshukuru Mola, kisha yule binti aliyemsemesha mavyaa wangu kwa heshima. Namshukuru mume wangu. Na mavyaa, yuko nyuma pale anajifanya hasikii, Mungu amweke.

Nawe dada uliyekaa karibu na dirisha, unayekwenda kukatwa hivi karibuni, nina neno lako. Ukienda kumsikiliza daktari usiende peke yako. Nenda na yule atakayekupikia, akae kiti cha mbele, aulize maswali yake yote. Tumbo ni lako, lakini sufuria ina mwenyewe.