Bi. Anarkul Sydykova, Mwoga wa Maji Aliyelinda Bwawa

Marehemu Bi. Anarkul Sydykova alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Sary-Bulun, ukingoni mwa mto Naryn, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sydyk, mchungaji, na mkewe Bi. Kanyshai. Mdogo wake ni Burmakan, ambaye leo yuko nasi. Tangu utotoni marehemu alikuwa mwoga wa maji. Hata kijito cha kufika magotini alivushwa na Burmakan kwa mkono, huku mdogo mtu akimcheka, "Dada mzima unaogopa maji ya kuoshea vyombo!"

Alisoma shule ya kijijini, kisha akasomea umeme Frunze, kama mji mkuu wetu Bishkek ulivyoitwa wakati huo, na kuhitimu mwaka 1980. Mwoga huyo wa maji akapangiwa kazi wapi? Bwawani. Alifanya kazi katika chumba cha kuongozea mitambo ya umeme hadi alipostaafu mwaka 2013, na hofu yake hakuiacha nyumbani hata siku moja.

Mwaka 1981 aliolewa na marehemu Joldoshbek, mwalimu wa hesabu na mtu wa utani. Wageni aliwaambia, "Chai mtapata, ila mke wangu msimsemeshe, anausikiliza mto." Mwaka uliofuata Burmakan naye aliolewa na Hamdam, mkulima wa pamba kule chini ya mto, maji yanakoteremkia, upande wa Namangan. Siku hizo hakuna aliyeona kwamba ameolewa nchi nyingine.

Nchi yetu kubwa ilipogawanyika, huku kwetu kukawa nchi moja na kwa Burmakan nyingine, na kila mwaka palihitajika makubaliano mapya ya maji na gesi. Sisi tuna maji, hatuna gesi. Wenzetu wa chini wana gesi, na pamba yao hukauka tusipowafungulia maji wakati wa kiangazi. Wakubwa wa pande mbili wakielewana, kila mmoja anaishi. Wakigombana, gesi inakatwa, baridi inaingia majumbani, nasi tunafungua mageti ya bwawa katikati ya majira ya baridi ili tupate umeme. Mto huko chini umeganda. Maji hupanda juu ya barafu na kuingia mashambani na nyumbani kwa watu.

Kwa hiyo kila taa iliyowaka hapa mjini wakati wa baridi ilimtia marehemu kiwewe. Kabla mageti hayajafunguliwa, alimpigia simu mdogo wake, ingawa kazini hawakuruhusiwa: "Burma, toeni ng'ombe. Pandeni juu." Januari 1999 kijiji kizima kilihamia kilimani kwenye theluji, na dakika za mwisho wakubwa wakapatana, na maji hayakuja. Mama mkwe wa Burmakan alikasirika. "Dada yako anatuchezea," alisema. "Sisi tunaganda huku, yeye amekaa karibu na jiko!"

Maneno hayo yalimchoma. Miaka miwili baadaye, gesi ilipokatwa tena, aliogopa kuwatisha watu bure, akangoja hadi awe na hakika. Alipopiga simu, Hamdam alikuwa tayari ndani ya maji hadi kifuani akimvuta ng'ombe. Mapafu yake hayakupona, na akafariki msimu wa machipuko. Marehemu alikwenda msibani akajiangusha mlangoni. Burmakan alimwinua, akamwambia, "Inuka, dada. Maji hukuyaleta wewe. Ila siku nyingine piga, hata kama utatudanganya." Tangu siku hiyo alipiga kila mara, na hata baada ya kustaafu alikuwa akiwauliza vijana wa bwawani kisha anapiga.

Mwezi Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Burmakan alivuka mpaka kuja kumuuguza. Gesi ilikwishakatwa, na hospitalini wagonjwa walilala na makoti. Asubuhi ya tarehe 19 Januari marehemu alifumbua macho, akauliza, "Wameelewana?"

"Wameelewana, dada. Wametia saini jana."

Akashusha pumzi, akatabasamu, akafariki kabla ya adhuhuri. Burmakan ametuomba tuseme ukweli mbele ya jeneza: hakuna aliyetia saini. Mazungumzo yamevunjika, na wala hatujui yataanza lini tena.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Ulanbek, binti, Nurzat, wajukuu watano, na mdogo wake Burmakan. Wapishi wanaombwa wamfungie Burmakan nyama na maandazi ya boorsok ya njiani. Hatakaa nasi hadi arobaini, na jamaa wasimwone amekosa adabu. Akishatupa udongo wake kaburini anaondoka, kwa sababu mageti yanafunguliwa kesho, na wajukuu wake wako chini ya mto.

Mwenyezi Mungu amlaze Anarkul mahali pema. Yeye ametulia. Sisi tunaogopa.