Nafasi ya Mbele Kwenye Mtumbwi wa Randa

Benchi lile alilitengeneza Randa seremala mwenyewe, kwa mbao zilizobaki kwenye kabati la mteja aliyeagiza kabati refu halafu akaoa mke mfupi. Alilitengeneza liwe la watu wawili, yeye na Wembe kinyozi, wawe wanakaa mbele ya karakana jioni na kuwasengenya wapita njia kwa raha zao. Lakini benchi la mtaani halina mwenyewe. Alianza Mama Buli na jiko lake na vikombe vyake vya kahawa, akasema anaomba kivuli. Akafuata Breki, fundi baiskeli, akasema anamfuata Mama Buli. Mwisho akaja Kamusi, karani mstaafu, mwenye methali kwa kila jambo na jambo kwa kila methali, ila mara nyingi vyenyewe havikutani. Wote hao wapo hadi leo. Aliyepungua ni Wembe peke yake, na duka lake liko pale pale ng'ambo ya barabara, mlango wazi, kioo kinaonekana, na kwenye pembe ya kioo kuna picha. Hiyo picha ndiyo iliyomkondesha Randa.

Ndani ya picha Wembe yuko mtoni, ndani ya mtumbwi wa plastiki wa rangi ya manjano, kafi juu, meno yote nje. Nyuma yake amekaa Pikapu, muuza vigae wa kona ya pili, mwenye miwani ya jua na gari la kubebea mizigo lililompa jina. Walishinda mtoni kutwa nzima na watu wa benchi la kona hiyo. Wembe aliporudi alisimulia mtaa mzima. Randa, rafiki yake tangu wote wawili hawajaota ndevu, alisimuliwa na mteja aliyekuja kununua mlango. Tangu siku hiyo hajanyoa.

— Hizo nywele, Randa, alisema Mama Buli akimimina kahawa. Tukizichana tutapata godoro la mtu mzima.

— Nina kazi nyingi, mama.

— Kinyozi yuko hapo tu.

— Nimesema nina kazi nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa mguu mmoja wa stuli. Alikuwa akiupiga randa tangu mchana, macho yakiwa ng'ambo, na mguu ulikuwa umeanza kufanana na mwiko. Pikapu akaingia dukani kwa Wembe, na kicheko kikavuka barabara. Randa akaweka randa chini.

— Jumapili tunakwenda mtoni.

Breki alisitisha kikombe mdomoni.

— Nani na nani?

— Sisi. Benchi hili. Mitumbwi ile ile ya kukodi, watu wawili wawili, tunashinda kutwa. Na tutakwenda mbali kuliko wao.

— Wao nani?

— Wao wowote.

— Kaka, huo ni wivu.

— Mimi? Nimwonee wivu mtu anayeuza vigae? Kigae si hata kitu. Ni sahani iliyoshindwa kubeba chakula.

Ulikuwa wivu, tena wa kumnyima mtu usingizi. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila akimeza ulizama zaidi. Asingeukubali hata kwa kupigwa nyundo, kwa sababu mtu mzima mwenye karakana na wajukuu haonekani akimlilia rafiki kama mtoto aliyenyang'anywa kigoda. Basi akaamua kuuita safari.

— Wazo zuri, alisema Kamusi. Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Yaani ukiwa majini, usiache kupiga kafi.

— Sivyo walivyomaanisha, mzee.

— Wewe ulikuwepo?

Randa akachomoa penseli ya useremala sikioni, akachora mto kwenye ubao wa benchi, kona zake zote. Akavikusanya vikombe vya Mama Buli, akamwaga kahawa ya Breki bila kumwomba radhi, akavipanga juu ya mto. Hiyo mitumbwi. Akachukua vizibo vya soda. Hao watu.

— Breki na Kamusi, mtumbwi huu. Kamusi mbele, ili methali zake zitangulie kuzama.

— Na mimi? aliuliza Mama Buli.

— Wewe na dada yako, huu hapa. Dada yako nyuma, maana ana mikono.

— Dada yangu hujamuuliza.

— Atakubali. Mimi niko huu wa mwisho, nyuma. Nyuma ndiko anakokaa mwenye kuongoza.

Akatumbukiza kizibo kimoja ndani ya kikombe cha mwisho, kikalia ting, halafu haraka haraka akaendelea na mambo ya chakula.

— Wao walipumzika darajani. Sisi daraja tutalipita tukiwa tunatafuna. Hatusimami.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kamusi. Darajani inabidi tuiname.

— Hapo umepatia kidogo, alikiri Breki.

— Kuna kitu sikielewi lakini, alisema Mama Buli. Huyo Pikapu, kati ya watu wote wa mtaa, kwa nini alimchukua Wembe?

Swali hilo ndilo Randa alilokuwa akilisubiri. Akajifanya anapuliza vumbi la mbao kwenye penseli.

— Rahisi, alisema Breki. Anataka kunyolewa bure.

— Bure gani? alisema Mama Buli. Ana hela za kununua kiti chenyewe. Mimi naona ni uzito. Yule Pikapu ni mnene. Mnene akikaa nyuma peke yake, pua ya mtumbwi inatazama mbinguni. Alihitaji kitu cha kulemea mbele. Angeweza kuweka gunia la saruji, akamwona Wembe.

— Gunia la saruji! Randa alicheka mpaka akajishika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu ile picha. Endelea, mama, endelea.

— Hamuoni mbali, alisema Breki. Pikapu ana upara unaanza kisogoni. Anayeujua ni kinyozi wake tu. Kwa hiyo amempeleka katikati ya maji, pasipo mtu, akamwambia: ukisema, hapa pana kina.

— Ndiyo maana Wembe anacheka vile pichani, alisema Randa. Hicho si kicheko, ni woga.

Kamusi akainua kidole, kama alivyokuwa akifanya enzi za ofisi alipotaka watu wanyamaze.

— Nyote mnapapasa. Jiulizeni mtu huyu anauza nini. Vigae. Soko la vigae likoje? Nyumba zote mtaani zimeshawekwa. Amebaki na vigae ghalani. Sasa mtu wa namna hiyo anakwenda mtoni kutwa nzima, anapita polepole, anaangalia chini. Anaangalia nini?

— Samaki?

— Anapima! Anataka kuuweka vigae mto mzima, toka juu mpaka chini. Na Wembe alikaa mbele kushika futi kamba.

Kwa muda mfupi ilionekana inawezekana.

— Atautelezesha mto, alisema Breki taratibu. Mitumbwi itakuwa inakwenda mbio balaa.

— Basi sisi twende kabla hajaweka, alisema Randa. Na jambo jingine. Wao walishuka na maji. Kushuka na maji hata gogo linashuka. Sisi tutapanda.

— Mimi sipandi mto, alisema Mama Buli. Nina mgongo.

— Na hiyo mitumbwi haina usukani, alisema Breki.

— Chombo cha kuzama hakina usukani, alisema Kamusi. Mnaona? Hata wahenga hawakuhitaji.

Walibishana sana. Mwisho Randa akakubali kushuka, ila kwa sharti moja. Wenzao waliishia kwenye kiwanda cha matofali. Wao watakipita hicho kiwanda na kwenda mbele, na mbele zaidi. Mstari wa penseli ulifika mwisho wa benchi. Randa akaushusha kwenye mguu wa benchi, kisha akauendeleza sakafuni.

— Mpaka wapi sasa? aliuliza Mama Buli.

— Mpaka watu waseme hawajawahi kuona benchi lililofika mbali hivyo. Mpaka wao waje kutuuliza njia.

Alisema "wao", lakini macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja aliyeshika mashine ya kunyolea.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja muuguzi, mpangaji mpya wa ghorofa ya juu, mwenye ile stuli. Sare ya kazini bado mwilini, viatu mkononi, miguu imechoka.

— Hamjambo? Fundi, stuli yangu imekwisha?

Randa akauficha ule mguu mgongoni.

— Bado kidogo tu, dada. Karibu kahawa.

— Nitashukuru. Aliangalia benchi. Kikombe kipi ni kitupu?

— Vyote ni mitumbwi, alisema Breki, na akamweleza safari yote tangu gati la mitumbwi, daraja, kiwanda, hadi sakafuni. Dada alisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu yanayohamahama.

— Safari nzuri sana, alisema. Na mkishafika huko chini, mnarudije?

Breki alifuata mstari wa penseli kwa kidole mpaka sakafuni, akakwama hapo.

— Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, alisema Kamusi.

— Ngamani ndiyo wapi? aliuliza Breki.

— Nadhani ni kituo cha basi.

— Basi halipakii mitumbwi, mzee.

— Tutaibeba kichwani, alisema Randa, sauti imepanda. Tutarudi kwa miguu!

— Kwa mgongo wangu? aliuliza Mama Buli.

— Wale wa kona ya pili walirudije? aliuliza dada.

Wote wakageuka. Ng'ambo, mbele ya duka la Wembe, gari la kubebea mizigo lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa linang'aa, na bodi lake refu likiwatazama. Ndani, Pikapu alikuwa amekaa kitini na kitambaa shingoni. Randa alihisi uso unamwaka. Kutwa nzima ya safari, kona zote za mto, na mwisho wake ni kuomba lifti kwa mtu yule.

— Basi, alisema dada kwa upole, alipoona amegusa kidonda. Mimi nina kiu tu. Nipeni hiki kikombe, kina mtu mmoja. Huyu ni nani?

— Huyo ni Randa, alisema Breki. Amekaa nyuma.

— Na mbele yake anakaa nani?

Kamusi, mwenye methali kwa kila jambo, alishindwa kupata hata moja ya kupotosha. Mama Buli akatazama kikombe, kisha nywele za Randa, kisha ng'ambo. Walikuwa wamepangiwa nafasi wote, hata dada wa Mama Buli ambaye hakuulizwa, na ile nafasi moja ilikuwa wazi tangu mwanzo mbele ya macho yao.

Randa jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo kabla ya kuchora mto. Akawa anaisugua penseli kwa kidole gumba.

Mama Buli akakichukua kile kikombe, akatoa kizibo, akakifuta kwa khanga yake. Akainamisha buli mpaka tone la mwisho.

— Dada, niwie radhi, utakunywa kesho. Hii ndiyo ya mwisho. Randa, shika. Peleka ng'ambo.

— Mwenyewe hana miguu?

— Anayo. Kila jioni anasimama mlangoni, anatazama huku. Kila akitazama, wewe unainamia kazi kana kwamba mbao zinakimbia. Shika, inapoa.

Randa akashika. Alivuka barabara polepole, mkono mmoja juu kuzuia baiskeli, vumbi la mbao likimdondoka kichwani.

Ndani ya duka, Wembe alimwona kiooni kwanza. Aliangalia kikombe, akaangalia nywele.

— Kaa, alisema. Namalizia huyu.

— Karibu, fundi, alisema Pikapu kutoka chini ya kitambaa.

Randa akakaa. Ile picha ilikuwa karibu sana na pua yake, na kwa karibu ilikuwa mbaya zaidi, maana Wembe alikuwa na furaha ya kweli. Akaitazama mpaka akashindwa.

— Jumapili gari lako lina kazi? alimuuliza Pikapu. Kila neno lilitoka kama msumari uliopinda.

— Halina. Kwa nini?

— Kuna watu watahitaji kufuatwa huko chini. Mbali. Kupita kiwanda.

— Nitawafuata.

Randa akanyoosha kikombe kwa Wembe.

— Na wewe Jumapili?

Wembe alizima mashine. Alipokea kahawa, akanywa kidogo, akatazama ng'ambo, ambako watu watatu na muuguzi walikuwa wamesimama juu ya benchi la watu wawili ili waone vizuri.

— Nikae wapi? aliuliza.

— Mbele.

— Sawa.

Wembe akawasha mashine, akarudi kwenye kisogo cha Pikapu, akiuzunguka ule upara kwa uangalifu mkubwa, huku akipuliza kila unywele ulioanguka. Randa alivumilia kidogo. Kisha akashindwa.

— Mbona huyo unamnyoa taratibu hivyo? alisema. Mimi hujawahi kuninyoa taratibu hivyo.